Nilivyomfundisha mama mkwe kuhariri kamusi ya mtandaoni, hadi alipoandika ukurasa wa marehemu mke wangu

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kazini na mlio nyumbani.

Mimi si mwandishi sana humu. Huwa nasoma na kupita. Leo nimeamua kuandika, na haya yamenipata mimi mwenyewe. Pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki. Sitaongeza chumvi.

Mnivumilie kwa Kiswahili changu. Nilifika darasa la saba tu, na nyumbani ni Kikamba.

Mimi ni fundi wa redio Kitui mjini, kwetu ni Matinyani. Siku hizi redio za kutengeneza ni chache, kazi kubwa ni chaja na simu, lakini watu bado wananiita Fundi wa Redio na sijawakataza.

Mke wangu aliitwa Kavata. Alikuwa mtu wa Kilungu, kule milimani upande wa Makueni. Tulioana miaka ya themanini, baada ya ile njaa iliyomaliza ng'ombe wa baba yangu. Mtoto wetu wa kwanza anaitwa Mueni, na ndiye nitakayemtaja hapa.

Kavata alishikwa na ugonjwa wa figo. Aliugua muda mrefu, akafa.

Baada ya mazishi nyumba ilinyamaza. Aliyefiwa anajua. Watu wanakuja mwanzoni, wanaleta sukari na unga, halafu kila mtu anarudi kwa shamba lake na wewe unabaki na sauti ya kuku.

Ndipo nikaanza kuingia kwenye ile kamusi elezo ya bure ya mtandaoni. Kwa wasioijua: ni kitabu kikubwa cha habari za kila kitu, na mtu yeyote anaweza kukisoma na pia kukihariri. Nilitafuta Matinyani nikakuta mstari mmoja tu, tena wenye makosa. Nikabonyeza "hariri", nikarekebisha, nikahifadhi.

Ikakaa!

Nikarudi tena, na tena. Nilikuwa na mahali pa kwenda jioni bila kutoka nyumbani.

Baada ya miaka kadhaa nikawa mmoja wa wale wanaokaribisha wageni na kusafisha kurasa. Kanuni si ngumu. Usiandike habari zako wala za jamaa zako. Kila unachosema, onyesha umekitoa kitabu gani au gazeti gani. Na mtu hawekewi ukurasa mpaka awe anajulikana, yaani watu wasiomhusu wawe wameandika juu yake kwanza.

Nilifuta kurasa nyingi. Watu huandika juu ya baba zao, wachungaji wao, watoto wao waliokufa wadogo. Kila nikifuta najua kuna mtu mahali fulani ameumia. Lakini kama kanuni haiwi ya wote, basi ni afadhali isiwepo.

Sasa, kabla sijaendelea, ndugu zetu wa pwani na vijana wa mjini niwaeleze jambo moja. Bila hilo hamtaelewa kitu.

Sisi Wakamba tuna nthoni. Ni haya, na ni heshima pia. Kati ya mwanaume na mama mkwe ndiyo kali zaidi. Hamshikani mkono. Hamkai chumba kimoja. Mkikutana njiani, mmoja anaacha njia na kuingia shambani ili mwenzake apite.

Ni kweli tumeokoka, na vijana wengi siku hizi wanakula meza moja na wakwe zao. Lakini mimi na mama wa Kavata tulianza zamani, tukaendelea vile tulivyoanza. Kwa miaka hiyo yote niliujua mgongo wake kuliko uso wake.

Hata kwenye mazishi. Yeye alikaa nyuma ya nyumba na kina mama, mimi nikakaa mbele na wazee. Pole yake ililetwa na shangazi yangu, na yangu ikarudi kwa shangazi huyo huyo. Tulimzika mtu mmoja, na hatukuambiana neno.

Haya, stori yenyewe.

Siku moja niko dukani nikaona mgeni amejiandikisha kwa jina la Susu wa Kilungu. Susu kwetu ni nyanya, bibi. Alikuwa amefungua ukurasa wa Kilungu na kuandika juu kabisa:

"Bwana asifiwe. Mimi ni mama niliyeokoka, nakaa hapa Kilungu, na namshukuru Mungu kwa kunifikisha leo. Kilungu kuna milima na maparachichi. Ni hayo tu, wapendwa tuombeane."

Nilicheka peke yangu. Ni ule ushuhuda wetu wa kanisani. Ukisimama mbele ya watu lazima uanze hivyo, na yeye aliona huku watu ni wengi kuliko kanisani.

Nilienda kwenye ukurasa wake wa majadiliano, pale wahariri wanapoandikiana, nikamwachia ujumbe: "Karibu sana Susu. Hapa hatutoi ushuhuda, tunaeleza mahali palivyo. Maparachichi yako sawa, yaache."

Kesho yake akajibu: "Asante mwanangu. Hii simu nilinunuliwa na mjukuu wangu Mueni. Alisema baba yake huandika humu, nikasema nami nijaribu."

Nilizima simu nikatoka nje ya duka haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

Jirani yangu Kasyoka, muuza viatu, akaniangalia. "Fundi, umepigwa na stima?"

"Nimepigwa na mama mkwe."

Akachungulia barabarani. "Yuko wapi?"

"Yuko kwa simu."

"Sasa si uzime!"

"Nimezima. Lakini bado yuko."

Sikujibu kwa siku kadhaa. Kumwambia mimi ni nani ilikuwa aibu, na kunyamaza ilikuwa udanganyifu. Mwishowe nikaandika: "Mama, mimi ni baba Mueni. Nisamehe, sikujua ni wewe. Nitamwomba mhariri mwingine akufundishe."

Akajibu: "Ithe wa Mueni, unajiita Fundi wa Redio na unatoka Kitui, ulifikiri sitajua? Humu hakuna njia ya kupishana. Mimi sikuoni, wewe hunioni. Nifundishe."

Ithe wa Mueni ni baba Mueni kwa Kikamba. Basi nikamfundisha.

Wakuu, alikuwa mwanafunzi mgumu. Alitaka kuandika juu ya mwethya, vile vikundi vya kusaidiana kazi. Miaka ya sitini, akiwa bibi arusi mgeni, alichimba matuta na kina mama wa Kilungu ili mvua isibebe udongo.

Nikamwuliza, "Mama, umetoa wapi habari hizi?"

"Nimetoa mgongoni. Bado unauma."

"Kamusi inataka kitabu."

"Hicho kitabu kilichimba tuta gani?"

"Hakikuchimba, Mama. Lakini ndicho wanachoamini."

"Basi nitakitafuta, ila usiniambie kinajua kuliko mimi."

Alikitafuta kweli. Mueni alimsaidia kupata kitabu kimoja cha kilimo, na humo mlikuwa na kurasa mbili juu ya matuta ya milimani. Akaandika mistari mitano mizuri, na chini akaonyesha alipoitoa. Baadaye akaandika ukurasa wa muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa yanayopikwa na maharagwe. Huo uko mpaka leo na unasomwa.

Shida yangu ilikuwa moja. Akikosea, sikuweza kufuta.

Mhariri akikosea unafuta, ni kazi ya kawaida, hakuna anayekasirika. Lakini huyu ni mama mkwe wangu. Kidole kinafika kwenye kitufe kinakataa. Ningefutaje maneno ya mtu ambaye njiani naingia kwenye mibuni ili apite?

Nikawa nayaacha. Mhariri mmoja wa Tanzania, anayejiita Kinyonga, akaona.

"Fundi, mbona makosa ya huyu mgeni unayapita kama hujayaona?"

Nikamweleza nthoni.

"Yaani unamwogopa mkweo hata mtandaoni? Angekuwa simba je?"

"Simba ningemfuta."

Akacheka sana. "Haya mzee, mimi sina mkwe huko. Nitafuta mimi."

Ikawa hivyo. Mama anaandika, mimi naeleza kwa adabu, Kinyonga anafuta. Mama alimpenda, alikuwa akimwita "yule kijana mkali".

Hatukumtaja Kavata hata mara moja. Tuliongea matuta, muthokoi, mito inayokauka. Lakini kila mmoja alijua mwenzake yuko pale kwa sababu gani.

Halafu siku moja, baada ya mvua za Aprili, nikaona ukurasa mpya. Kichwa chake kilikuwa jina moja tu.

Kavata.

Niliusoma nikiwa nimesimama. Hakukuwa na Bwana asifiwe, hakukuwa na "mimi". Aliandika kama nilivyomfundisha: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani. Kila sentensi ilikuwa imenyooka. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Aliandika kwamba wakati wa njaa ya miaka ya themanini, Kavata akiwa msichana, alifundisha ngumbaru, yaani darasa la watu wazima, ndani ya kanisa. Wengi walikuja kwa sababu ya uji. Yeye aliwaambia uji unatolewa baada ya herufi. Mama yake alikuwa mmoja wa wanafunzi, na hapo ndipo alipojua kusoma. Siku alizochelewa kwa kuteka maji alisimamishwa nje kama wengine, na jioni mwalimu huyo huyo akampikia.

Nilikaa na Kavata miaka hiyo yote. Nilijua alifundisha. Lakini sikujua aliwahi kumsimamisha mama yake nje. Nilicheka, halafu nikaketi kwenye kiti cha wateja na sikuweza kufanya kazi tena siku hiyo.

Chini kabisa, mahali pa marejeo, pale tunapotaja vitabu na magazeti, alikuwa ameandika chanzo kimoja:

"Mama yake."

Haukupita muda Kinyonga akaweka alama ya pendekezo: "Ufutwe. Hajulikani nje ya familia yake. Chanzo pekee ni mama yake." Hakuwa ametazama aliyeandika ni nani, wala hakujua Kavata ni nani kwangu. Ukurasa ukiwekwa alama hiyo, wahariri wanapewa siku chache za kujadili.

Mama akaniandikia papo hapo: "Ithe wa Mueni, waambie. Wewe wanakusikia. Waambie alikuwa mwalimu."

Kisha akaongeza kwamba anakumbuka watu walikuja na kamera kupiga picha lile darasa. Labda ilitoka gazetini.

"Mama, wewe uliliona hilo gazeti?"

"Sikuliona."

Hata hivyo tulilitafuta. Mueni alienda maktaba huko Nairobi, akapekua magazeti ya zamani mpaka macho yakamuuma. Aliona njaa, aliona malori ya mahindi, aliona wakubwa wakikata utepe. Darasa la Kilungu hakuliona. Mimi niliuliza kanisani kwao kupitia mzee mmoja, nikaambiwa waliokuwa viongozi enzi hizo wamelala.

Kinyonga akaniandikia pembeni: "Fundi, nimegundua aliyeandika ni mkweo. Ukisema ubaki, nitaangalia kando. Kurasa mbovu ni nyingi, mmoja zaidi hautatuua."

Kwa hiyo likabaki kwangu. Neno moja tu, "ubaki", na mke wangu angekuwa na ukurasa ambao dunia nzima ingeusoma, na mama yake angelala.

Nilifikiria wale wote niliowafutia. Kulikuwa na mzee wa Kibwezi aliyeandika juu ya marehemu mwanawe, akanisihi sana, nikamwambia kanuni ni ya wote. Sasa nimwambie nini?

Niliandika hivi: "Mimi ni mume wa Kavata, kwa hiyo sipigi kura. Nimetafuta chanzo nje ya familia na sikukipata. Alikuwa mwalimu mzuri, na waliomjua ni wachache. Kwa kanuni tulizo nazo, ukurasa haustahili kubaki."

Kinyonga aliufuta. Kisha akaniandikia, "Pole sana mzee wangu. Sikujua."

Mama hakuandika kitu. Wiki zikapita, jina lake halikuonekana tena popote.

Mueni akanipigia simu. "Baba, ulimwambia nini susu? Simu ameifungia kabatini."

"Nilisema ukweli."

"Si ungeunyamazia tu?"

"Nimefuta baba za watu wengi, Mueni."

"Huyu si baba ya mtu. Huyu ni mama yangu."



Mwishowe nilifunga duka nikaenda Kilungu. Sikutuma mtu mbele. Nilifika bomani kwake mchana, nikasikia anachagua maharagwe jikoni. Nikaketi nje, nikaegemeza mgongo kwenye ukuta wa jiko, nikakohoa. Ukuta ulikuwa kati yetu, kwa hiyo hakuna aliyevunja chochote.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Mama. Baba Mueni."

Maharagwe yakanyamaza.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Uongo. Kutoka Kitui umekula wapi?"

Ni kweli sikuwa nimekula. Nilisema hivyo kwa adabu.

Akasema, "Kumbe uongo unaweza."

Wakuu, hilo lilinichoma. Lakini hakuendelea nalo. Akasema, "Niliyasoma uliyoandika. Hukusema uongo."

"Ndio, Mama."

"Mimi sikutaka kushindana na wenye vitabu. Nilitaka mahali pa kumweka. Kwangu hayupo, nilimwoza, mbuzi wa mahari wakaja. Kwenu yuko chini ya udongo, na hapo siwezi kuja kukaa, ni kwa mkwe. Tangu tumzike sijawahi kukaa na mtoto wangu. Nikaona kule kwa simu hakuna kwangu wala kwako, nikasema nitamweka pale, niwe naenda kumwona."

Nilikuwa nimefikiria mambo mengi njiani, lakini hilo sikuwa nimelifikiria. Kaburi liko hatua chache kutoka mlango wangu. Mimi huliona nikitoka na nikiingia. Haikuwahi kunijia kwamba kuna mtu aliyemzaa ambaye heshima yetu imemfungia nje.

"Mama, njoo. Nitakwenda dukani asubuhi nisirudi mpaka jioni. Hutaniona."

Nikasikia maharagwe yakianza tena kuchaguliwa. Nikafikiri nimekosea. Kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Siku za mwisho alikuwa anakula nini?"

"Uji wa wimbi."

"Nani alimpikia?"

"Mimi."

"Alikuwa anamaliza?"

"Hapana, Mama. Hakuwa anamaliza."

"Alisema nini juu yangu?"

Nikamwambia. Hilo sitaliandika hapa, ni lake.

Tulikaa hivyo, yeye ndani na mimi nje, nikimweleza ule ugonjwa tangu mwanzo hadi mwisho, maana hakuna aliyekuwa amemweleza. Shangazi alibeba pole tu. Haya mengine hayabebeki. Alilia, nikasikia. Mimi pia.

Alikuja Matinyani pamoja na Mueni, kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Nilitoka mapema kama nilivyoahidi nikakaa dukani kutwa nzima. Kasyoka akaniuliza mbona leo siendi nyumbani kula, nikamwambia nyumba ina mgeni.

Niliporudi walikuwa wameshaondoka. Kaburi lilikuwa limepaliliwa. Kando yake kulikuwa na kiti changu cha sebuleni, kimegeuzwa kumtazama Kavata, na nyasi chini yake zilikuwa zimelala kama za mtu aliyekaa sana.

Mpaka leo hajarudi kuhariri, na sijamwomba arudi. Akitaka kuja Matinyani, Mueni ananiambia, nami nampisha. Ameanza kuchoka, safari inamshinda, na mara ya mwisho alishikwa mkono kushuka gari. Sijui atakuja mara ngapi tena.

Mimi bado nahariri. Na mkiniuliza kama leo ningeandika tofauti, jibu ni hapana, ningeandika vile vile.

Nilichojifunza ni kidogo. Mtu akileta maiti wake mahali pasipo pake, ni sawa umwambie hapa si pake. Lakini ukishamwambia, usiende zako. Muulize kwa nini hana pengine pa kumpeleka. Yule mzee wa Kibwezi mimi sikumwuliza, na sijui nitampata wapi.

Basi, wakuu, ndivyo ilivyokuwa. Kama kuna aliyewahi kuzuiwa na mila kumlilia mtu wake, au aliye na mkwe ambaye hawajawahi kuongea, aseme hapa chini alifanyaje. Hata anayeona nilikosea kuuacha ule ukurasa ufutwe aseme, nitasoma yote.